Jiko la gesi au la mafuta Mlima Kenya?
Bro kwa siku zako 3 za kupanda kwa njia ya Sirimon mi ningebeba la gesi tu, kale kadogo ka kukaza juu ya mtungi. PocketRocket 2, jiko la gesi la aina hiyo, ina gramu 73, unaitia mfukoni unasahau, na WhisperLite International unayoiulizia, lile la mafuta, inapita gramu 300 kabla hujaweka mafuta.

Shida ni baridi. Pale kambi ya Shipton ni kama mita 4,200, usiku maji yanaganda, na butani tupu ikishuka chini ya sifuri inagoma kabisa, moto unakuwa kaulimi ka bluu na sufuria hata haitoi jasho, so tafuta mtungi wenye mchanganyiko wa isobutani na propani halafu lala nao ndani ya slipingi begi, utacheka lakini asubuhi utakunywa chai. Upepo kinga na jiwe upande mmoja, usiuzungushie mtungi mawe ukapata joto.

La mafuta ya taa faida yake unajaza petrol steshen nyingi, ila kuliwasha ni masizi mpaka kwa kope. Na kama unakuja kwa ndege usipakie mtungi, watautoa, nunua Nairobi.