Ukipewa Safu Gazetini, Tangaza Maslahi Yako

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia. Amepewa safu ya siasa gazetini, kila wiki, jina na picha juu. Hongera zake. Ila kabla hata wino haujakauka, mbunge fulani kamwomba amwandikie hotuba kwa malipo mazuri, naye ananiuliza: "Kaka, hizi si kazi mbili halali tu?"

Nimeshamjibu. Lakini najua wanaoitamani safu humu ni wengi, kwa hiyo nayamwaga hapa hadharani.

Kwanza, kuwa na upande si dhambi. Safu ya maoni si taarifa ya habari. Msomaji anaifungua ili ajue wewe unaonaje. C. P. Scott, mhariri wa gazeti la Manchester Guardian la Uingereza, ndiye aliyeandika mwaka 1921 kwamba maoni ni huru lakini ukweli ni mtakatifu, na kila warsha ya waandishi lazima atokee mtu wa kumnukuu. Wasichokisema ni kwamba Scott huyohuyo alikuwa mbunge wa chama cha Liberal kuanzia 1895 hadi 1906, na uhariri hakuuacha. Ila ubunge haufichiki. Aliyenunua gazeti lile alijua analisoma la nani.

Balaa ni upande usioonekana. Mwaka 1980 George Will, mwandishi wa safu mwenye jina kubwa Marekani, alimsaidia mgombea urais Ronald Reagan kujinoa kwa mdahalo dhidi ya Rais Jimmy Carter. Mdahalo ulipokwisha akaketi kwenye televisheni ya ABC kumsifu Reagan kwa alivyong'ara, bila kuwaambia watazamaji kwamba naye alikuwa na mkono wake mle. Ikaja kulipuka kuwa kashfa mwaka 1983. Mfano huu naupenda kwa sababu hauna bahasha ndani yake. Tumezoea kudhani mgongano wa maslahi ni fedha tu, kama ule mkataba wa dola 240,000 ambao mwandishi wa safu wa Marekani, Armstrong Williams, alipewa ili aipigie debe sheria ya elimu ya serikali ya Rais George W. Bush, hadi gazeti la USA Today lilipomfichua Januari 2005 na safu yake ikaachwa na kampuni iliyokuwa ikiisambaza. Huo ni wizi wa mchana, hauhitaji ushauri wangu. Will alikuwa anamsaidia mtu anayemkubali kwa dhati, na hapo ndipo wengi wetu tunaponasa.

Sasa yangu.

Nilikuwa na safu kwa miaka, na sioni haya kusema kwamba ilikuwa inasomwa. Wizara moja ikaniita niongoze kongamano lake, ikanilipa, nikaliongoza vizuri. Baadaye sera yake ikafika bungeni. Sera ile nilikuwa naiunga mkono tangu haijapata hata jina, maandishi yangu yapo. Nikaandika makala ya kuitetea, na chini kabisa nikaweka mstari mmoja: mwandishi aliwahi kulipwa na wizara hii kuongoza kongamano lake.

Mhariri akaukata. Nikaurudisha. Akapiga simu: "Ndugu yangu, unajichafua mwenyewe, na sisi unatuchafua." Nikamwambia kama mstari hautoki, na makala isitoke. Haikutoka. Wala zilizofuata hazikutoka. Hakuna barua niliyoandikiwa, hakuna aliyeniambia asante kwa kazi. Wiki moja pale pangu pakakaa tangazo, wiki nyingine akakaa mtu mwingine. Wenzangu wa chumba cha habari, ambao baadhi yao niliwafundisha kazi, wakasema najifanya malaika. Inaniuma mpaka leo. Wasomaji wangu hawakuwahi kuambiwa nimekwenda wapi.

Nimejiuliza sana ni kwa nini maneno machache vile yaliwatia hofu. Nadhani ni hivi: nikitangaza mimi, msomaji atamtazama na wa safu ya jirani na kujiuliza mbona huyu kimya. Halafu atalitazama gazeti lenyewe. Wizara ile ilikuwa inanunua matangazo, kurasa nzima. Mstari wangu ulikuwa unafungua mlango ambao mhariri hakutaka ufunguliwe.

Na hilo halitokei kwenye magazeti madogo tu. Februari 2015 Peter Oborne, mchambuzi mkuu wa siasa wa gazeti la Telegraph la Uingereza, alijiuzulu akisema gazeti lake linapunguza makali katika habari za benki ya HSBC kwa ajili ya matangazo. Machi 2018 waandishi wanane wa safu waliondoka kwa pamoja Nation Media Group, Kenya, wakilalamikia kuingiliwa na serikali. Na Oktoba 2024 gazeti la Marekani la Washington Post lilipoamua kutomuunga mkono mgombea yeyote wa urais, zaidi ya watu 200,000 walifuta usajili wao. Ilikuwa haki ya gazeti kunyamaza, sibishi. Lakini mwenye gazeti ni Jeff Bezos, tajiri aliyeanzisha Amazon, na kampuni zake nyingine zina mikataba na serikali hiyohiyo iliyokuwa inagombewa. Msomaji akishajua hilo, utamzuiaje asijumlishe mwenyewe?

Kwa hiyo, wadogo zangu, tangazeni. Mbunge akisimama bungeni kuchangia jambo linalomgusa anatangaza maslahi kwanza. Wewe unayemsema kila wiki unashindwaje? Tangaza mapema, kabla hujachokonolewa. Tangaza ndani ya makala yenyewe. Kumnong'oneza mhariri si kutangaza. Kama shemeji yako anagombea, tangaza. Kama kadi ya chama unayo, tangaza mara moja na watu watazoea. Hotuba waweza kuiandika, ni kazi kama kazi nyingine, ila mbunge huyo mfute kwenye safu yako: usimsifu, na mpinzani wake usimguse. Ukiona huwezi kukaa kimya juu yake, basi rudisha fedha zake. Na usijidanganye kwamba wewe ni mgumu kununulika. Hakuna anayekuja kukununua. Wanakuja kukuomba ushauri, wanakusikiliza, wanakuita wewe ni mtu wa maana, na ukienda kuandika kalamu yenyewe inawaonea huruma.

Mimi nina orodha ya mambo nisiyoyaandikia na sababu zake: nani alinilipa, nani rafiki, nani ndugu. Mhariri yeyote anayeniomba safu namtumia orodha hiyo kabla ya makala ya kwanza. Wapo walioisoma wakacheka, wakanipa nafasi. Wengine walisema watanipigia.