Nilihofia Figo, Kumbe Ini

Juzi dada mmoja wa Tanga kaniandikia. Ana soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa magamba, mwaka wa sita sasa. Alikwenda kupima tumbo akidhani ni vidonda, akaambiwa ini lina mafuta. "Kaka, niache dawa za ngozi?" Nimeusoma ujumbe mara tatu, maana swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, na nilijijibu vibaya.

Mimi ni wa magamba tangu 2011. Viwiko, magoti, kichwani. Kinyozi amewahi kuniambia mashine imeharibika huku akimnyoa mwingine, na ugonjwa huu wala hauambukizi. Nimezoea, au najidanganya.

Mwaka juzi ubavu wa kushoto ukaanza kuuma. Nikahisi vijiwe, nikaenda kupiga altrasaundi. Mpimaji akapaka ile jeli ya baridi, akazungusha, akapita mahali, akarudi palepale. "Vipi, daktari?" Akasema, "Majibu peleka kwa daktari wako."

Nani anasubiri? Bahasha niliifungulia kwenye daladala. Vijiwe hakuna. Ila kulikuwa na mistari miwili ambayo sikuifuata pale: sisti, yaani kifuko, ya milimita 14 kwenye figo ya kushoto, na ini lenye mafuta, gredi ya 2, yaani ya wastani. Sisti ikanikaa kooni. Ini nikaliruka, mafuta nani hana? Wiki tatu sikulala. Nilimwonyesha mke wangu hati ya kiwanja ilipo. Nikanunua mitishamba ya kusafisha figo, elfu 45, chungu kama shubiri. Methotreksati, dawa yangu ya soriasisi, nikaiacha kimyakimya. Magamba yakapanda hadi usoni.

Daktari wa ngozi figo hakuitazama hata dakika. Sisti ya kawaida, maji matupu, watu wengi wanazeeka nazo bila kujua. Kidole akakiweka kwenye mstari wa ini. "Unakunywa?" Nikasema bia, Jumamosi tu. Mke wangu akakohoa.

Kidonge cha methotreksati nilikuwa nameza Jumatano, mara moja kwa wiki kama inavyotakiwa. Nikadhani kwa kuwa siku ni mbalimbali, kidonge na bia havikutani. Vinakutana kwenye ini. Ndipo akanieleza kwamba soriasisi haiishii kwenye ngozi: wenye nayo hupata zaidi ini lenye mafuta, kisukari, presha na maradhi ya moyo. Miaka yote ile ya kliniki hakuna aliyenipima hata kiuno. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo wenzangu, karatasi ya kipimo, hata kama ulipimwa kwa jambo jingine kabisa, mpelekee anayekutibu ngozi. Aliyekupiga picha hajui unameza nini, anayekuandikia dawa hajui picha imesema nini. Usiache dawa kwa akili yako. Narudia: karatasi mpelekee. Na pombe, jamani! Tunatafuta mchawi na chupa iko mezani. Chipsi mayai saa nne usiku, soda ya kushushia, halafu tunauliza mafuta yametoka wapi. Mimi nimeacha. Nimepungua kilo 9, dawa nimerudishiwa, damu napima kila baada ya miezi mitatu. Wale wa Jumamosi wananiita mchungaji. Waniite.

Dada wa Tanga, nimekujibu, naona bado hujafungua. Ulisema kliniki ni Alhamisi. Nenda na karatasi hiyohiyo, hata kama umeshaikunja ikachanika. Na kwa mnaoniulizia sisti yangu, nimeipima tena mwezi uliopita. Milimita 14 vilevile.