Syrah moja, chupa tatu: majibu kwa mliouliza

Wiki iliyopita niliandika kwamba anayetaka kuujua mvinyo ashike zabibu moja na kuifuatilia nchi kwa nchi, na nikapendekeza syrah, kwa kuwa hapa Dar es Salaam inapatikana madukani kutoka Ufaransa, Australia na Afrika Kusini. Maswali yamemiminika. Mengi ni ya nyama, machache ya samaki, na moja la barafu ambalo nimelijibu kwa ukali kidogo. Mnisamehe.

Chupa moja imeandikwa Syrah, nyingine Shiraz. Muuzaji wangu Kariakoo anasema ya pili ndiyo ya asili, ilitoka Uajemi. (Msomaji, Tabata)

Kakuuzia chupa na hadithi juu yake. Zabibu ni ileile. Mwaka 1998 vipimo vya vinasaba vya watafiti wa Marekani na Ufaransa vilionyesha kwamba wazazi wake ni dureza na mondeuse blanche, zabibu mbili za kusini-mashariki mwa Ufaransa. Uajemi haimo. Australia ilipata vipandikizi vyake kupitia James Busby, aliyevikusanya Ulaya na kuvipeleka huko mwaka 1832, na jina la Shiraz likakolea huko. Afrika Kusini wanatumia yote mawili. Anayeandika Syrah mara nyingi anakudokeza kwamba amelenga mtindo wa Kifaransa, ingawa hakuna anayembana.

Tuko sita, tumechanga hela ya chupa tatu. Tuanze na ipi, na tuonjeje? (Kikundi cha Kimara)

Chupa tatu zinawatosha na kubaki. Kila moja ina mililita 750. Mkimiminiana mililita 60 kila mtu hamtafika nusu, na inayobaki ndiyo ya kunywea chakula.

Kwa Ufaransa chukueni Crozes-Hermitage. Msihangaike na Hermitage yenyewe, kile kilima cha mawe ya matale kando ya mto Rhône, maana bei yake inatisha, wakati mashamba ya Crozes yanakizunguka na zabibu nyekundu ni hiyohiyo. Kwa Afrika Kusini tafuteni ya Swartland, kaskazini mwa Cape Town. Kwa Australia, Barossa.

Mnywe kwa mpangilio huohuo. Barossa ikitangulia, Crozes itaonekana maji. Jua la Barossa ni kali, zabibu huiva mpaka sukari inapanda, na sukari ndiyo inayogeuka kileo: asilimia 14.5 ni ya kawaida kabisa huko, wakati kaskazini mwa bonde la Rhône, kwao Crozes, mara nyingi mtakuta 13 au pungufu yake.

Sasa kuonja. Zivisheni chupa magazeti, mmoja wenu tu ajue ipi ni ipi, ili msinywe lebo. Anayezijua ndiye amimine, kwa mpangilio ule, na afunge mdomo. Inamisheni glasi juu ya karatasi nyeupe muangalie ukingo wa mvinyo: mchanga huwa na rangi ya zambarau, uliokaa miaka huelekea matofali. Nuseni kabla ya kuzungusha glasi, kisha zungusheni mnuse tena. Crozes itawaletea pilipili manga, zaituni nyeusi, wakati mwingine moshi wa nyama iliyokaushwa. Barossa ni forosadi zilizoiva sana, chokoleti, na vanila kama umelala kwenye mapipa mapya ya mwaloni. Swartland husimama katikati: tunda la nchi ya jua, lakini watengenezaji wengi wa huko siku hizi wanachuma mapema ili uchachu usipotee.

Halafu tulieni na ukakasi. Sukutueni mvinyo mdomoni, mmeze, mpitishe ulimi kwenye fizi za juu. Kule kukauka ni tanini, inayotoka kwenye maganda na kokwa na kushikana na mate yenu. Andikeni kila mmoja lake kabla ya kusema, maana akishasema mmoja "chokoleti" wote mtasikia chokoleti.

Mimi wenzangu wote wanasikia pilipili manga, mimi sisikii kitu. Pua yangu ni mbovu? (Msomaji, Ubungo)

Hapana. Harufu hiyo inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, ileile iliyo kwenye pilipili manga ya jikoni. Watafiti wa Australia waliibaini mwaka 2008, na katika majaribio yao mtu mmoja kati ya watano hivi hakuweza kuisikia hata ilipozidishwa. Huenda wewe ni mmoja wao. Kwako Crozes itakuwa mvinyo tofauti na ule wanaokunywa wenzako, na hakuna wa kukusahihisha.

Kaka, shikamoo. Sisi Sinza ni nyama choma na kiti moto tu. Tuchukue ipi? (Msomaji, Sinza)

Marahaba. Swali lako ndilo lililoulizwa na wengi, na kila mtu ameuliza kuhusu nyama. Niambie kwanza kuhusu pilipili.

Fanya jaribio hili mezani. Kata kipande cha mbuzi chenye mafuta, chovya kwenye chumvi tu, tafuna, unywe Barossa. Mafuta, protini na chumvi vinaulainisha ukakasi, na tunda linafunguka. Sasa chukua kipande kilekile, kipitishe kwenye pilipili mbuzi iliyopondwa na ndimu, unywe tena. Mdomo utawaka, mvinyo utageuka mchungu, na hutasikia forosadi wala chokoleti. Kileo kinauchochea moto wa pilipili, na pilipili inaufanya ukakasi uume zaidi. Kwa hiyo, kadiri sahani inavyowasha ndivyo kileo na tanini vinavyotakiwa vipungue, hata kama nyama ni ya ng'ombe mzima.

Mbuzi au ng'ombe wa mkaa kwa chumvi: Barossa, bila wasiwasi. Kiti moto cha kukaanga na ndizi: Swartland, maana uchachu wake unakata mafuta ambayo Barossa inayaacha yamelala ulimini. Mishkaki iliyolala kwenye tangawizi na kitunguu saumu: Swartland tena. Meza ikijaa pilipili, kunywa Crozes iliyopoa, au agiza bia na chupa uifungue nyumbani. Sioni aibu kusema hivyo.

Na pilau? Biriani? (Msomaji, Upanga)

Pilau ya nyama ndiyo chakula cha pwani kinachoielewa syrah kuliko vyote, nami nitabishana na yeyote. Pilipili manga, karafuu na mdalasini viko sufuriani tayari, na Crozes inaviendeleza. Angalia kachumbari tu: ndimu ikizidi, mvinyo usio na uchachu wa kutosha unapooza. Hapo Barossa hushindwa kwanza. Biriani ina mtindi, nyanya na mara nyingi pilipili, basi shika Swartland yenye kileo kidogo. Ikiwa biriani yenu inatoa jasho, rudi kwenye jibu la Sinza.

Nanunua samaki Feri kila Jumamosi. Mvinyo mwekundu haufai kabisa? (Msomaji, Kigamboni)

Kwa nguru wa kupaka na dagaa, haufai. Mvinyo mwekundu mara nyingi una madini ya chuma mengi zaidi, na utafiti wa Wajapani uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba chuma ndicho kinachoamsha ile shombo unayoisikia baada ya kumeza. Jodari wa kuchoma, aliyebaki mwekundu katikati, anaweza kuvumilia Crozes baridi. Wengine wote wape mvinyo mweupe.

Nimesoma mvinyo mwekundu hunywewa kwenye joto la chumba. Kwangu hakuna kiyoyozi. Naweza kuweka barafu? (Msomaji, Mbezi)

Barafu hapana! Unanunua mvinyo kisha unauongezea maji?

Ushauri wa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za Ulaya za kale, zenye kuta nene na nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Mbezi mwezi wa pili ni nyuzi 30 na zaidi, na kwenye joto hilo kileo kinapanda puani, tunda linachoka, Barossa inakuwa dawa ya kikohozi. Weka chupa kwenye friji saa moja na nusu hivi, au ndoo ya maji na barafu dakika 15. Barafu ikae nje ya chupa. Ukimimina, mimina kidogo kidogo, maana glasi inapata joto haraka. Na dukani usichukue chupa iliyosimama dirishani jua linapopiga, wala usiiache kwenye gari wakati unapitia sokoni. Ukikuta kizibo kimesukumwa juu na kunata, chupa hiyo imeshapikwa.

Shemeji yangu hanywi pombe na atakuwepo. Nimwekee nini asijione mpweke? (Msomaji, Temeke)

Choya. Ina wekundu, uchachu na ukakasi wa aina yake, ndiyo maana inakaa vizuri na nyama ya mkaa. Ichemshe ikolee, tangawizi kidogo, sukari usiizidishe, ipoe, kisha mmiminie kwenye glasi ileile ya mguu wanayotumia wengine. Na tafadhali, usimpikie rosti yenye mvinyo ukijitetea kwamba kileo kimeishia motoni. Hakiishi chote.

Mbona hujataja Dodoma? (Wasomaji kadhaa)

Kwa sababu zabibu nyekundu iliyozoeleka Dodoma ni Makutupora, na mwezi huu tumefunga ndoa na syrah. Lakini syrah nayo inalimwa huko, na hali yake si ya kawaida: hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima anauamsha kwa kuupogoa, na anavuna mara mbili kwa mwaka. Mkipata chupa yake, iingizeni baada ya Swartland na kabla ya Barossa. Hakikisheni tu mmechukua kavu, kwani kavu na tamu hukaa rafu moja.