Mwenye pumu na kodi ya mwaka: usilipe kabla ukuta haujaonja masika

Swali ni la mtu mwenye pumu inayochachamaa kwa koga na harufu ya rangi. Kapata nyumba ghorofa ya kwanza Mji Mkongwe, na mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka kwa mkupuo kuanzia Januari. Anauliza aombe nini.

Usilipe mwaka. Si kwamba mwenye nyumba ni mbaya, ila Januari ni kaskazi, na kaskazi kila nyumba Unguja huonekana kavu. Ukuta husema kweli Aprili, masika yakishakolea, na wakati huo fedha yako imeshageuka bati la nyumba nyingine kule Fuoni.

Kuta za zamani za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita hivi. Hunywa maji na kuyatoa polepole, ndivyo zilivyokusudiwa. Tabu huanza mtu akizipiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta juu yake: maji yanakosa pa kutokea, yanapanda, chumvi inaisukuma plasta, rangi inavimba na kupukutika unga mweupe, na koga inaota nyuma ya kabati. Nyumba mpya za matofali nazo zina lao. Iliyojengwa kwa mchanga wa pwani ina chumvi ndani, na chumvi hufyonza unyevu wa hewani, kwa hiyo ukuta unatoka jasho bila ya bomba lolote kuvuja. Kwa mtu wa Wete au Chake, hesabu iwe kali zaidi, maana Pemba mvua ni nyingi.

Kukagua, omba nyumba ifungwe madirisha tangu jioni, uende asubuhi saa moja. Ukifunguliwa mlango, pua itakwambia kabla ya macho. Sogeza kabati, inua godoro, tazama chini ya madirisha na chini ya tangi la maji. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole: ikilia tupu, imeachana na ukuta. Unyevu wa kutoka ardhini huchora mstari usiozidi mita moja hivi. Duara la kahawia darini ni maji ya juu, na hilo fundi hulimaliza kwa siku mbili. Nyumba "iliyopakwa rangi juzi" itazame mara mbili.

Penye shaka bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50, gundi pande zote nne, uiache siku mbili. Maji yakiwa upande wa ukuta, yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni hewa nzito tu, na hiyo dawa yake ni dirisha na feni.

Kipimo cha unyevu wa hewa ni kitu kidogo cha mkononi, lakini kipime chenyewe kwanza. Tia chumvi kijiko kimoja kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji iwe kama uji mzito bila ya kuyeyuka, ifunge pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa nane au zaidi. Lazima kisome asilimia 75. Kikisoma 71, ongeza 4 kila ukipima. Kisha pima ndani na barazani saa ile ile. Namba ya ndani peke yake haisemi kitu hapa kwetu, masika hata nje husoma 80 na zaidi. Ndani ikizidi nje kwa 10, joto likiwa lile lile na hakuna anayepika wala kufua, basi ukuta ndio wa kushukiwa kwanza.

Sasa mazungumzo. Usianze na ugonjwa, anza na malipo. Salamu zote kwanza, halafu: "Bi Mkubwa, nyumba nimeipenda. Nitakulipa miezi mitatu, kisha mitatu, na masika yakipita salama nakupa sita kwa mkupuo." Anapata mwaka wake, ila kwa vipande. Akisita, ongeza kodi kidogo ya nusu ya kwanza. Tuseme kodi ni 300,000 kwa mwezi, nawe unaongeza 20,000 kwa miezi sita: ni 120,000. Ukilipa mwaka kisha kifua kikakutoa mwisho wa Mei, miezi saba iliyobaki ni 2,100,000, na kuidai fedha iliyokwishatumika ni kazi ya miaka. Pumu utaitaja kabla ya kutia saini, kwa sentensi moja tu: kifua changu hakiwezi koga wala rangi mbichi. Ukiieleza sana, yeye anasikia mpangaji wa malalamiko.

Kifungu cha kutoka kiandikwe kwa kitu kinachopimika. "Nyumba ikiwa na unyevu" ni ugomvi mtupu. Andika hivi:

"Koga au maji yakitokea ukutani au darini kwa upana wa kiganja au zaidi, na yasipoondolewa ndani ya siku 21 tangu taarifa ya maandishi, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya siku 30. Kodi ya miezi isiyokaliwa na amana vitarudishwa ndani ya siku 30 baada ya kukabidhi funguo."

Cha pili: asipake rangi, vanishi wala kupuliza dawa ya mchwa au mende bila ya taarifa ya siku 7, na rangi ya ndani iwe ya maji au chokaa. Kama kuna rangi ya mafuta mbichi, mimi ningeomba siku 14 za madirisha wazi kabla ya kuhamia. Cha tatu watu hukisahau: fremu ya chini. Ikiwa ni yake, asiikodishe kwa seremala wa vanishi wala kuweka jenereta chini ya dirisha lako. Seredani ya jirani na chetezo cha ubani cha nyumba ya pili hawezi kukuahidi, usipoteze maneno hapo.

Koga ikitokea, wengi hukimbilia jiki. Mvuke wake nao unakwaruza kifua chenye pumu, na usiichanganye na siki wala dawa ya choo, inatoa gesi ya sumu. Na kuisugua koga bila ya kuitoa saruji ni kuipa likizo. Plasta ibanduliwe mpaka nusu mita juu ya mstari wa unyevu, ipigwe ya chokaa, kipimo kimoja kwa mchanga uliooshwa vitatu. Ukuta mnene hukauka kwa makadirio ya mwezi mmoja kwa kila inchi, kwa hiyo asikuahidi "wiki ijayo". Na kazi ya nje Mji Mkongwe inahitaji kibali cha mamlaka ya hifadhi. Ndiyo maana kifungu kinakupa haki ya kutoka, hakikungojeshi fundi.

Jua pia nani anatia saini. Nyumba nyingi za mjini ni mirathi ya watu kadhaa, nyingine ni wakfu. Ahadi ya mjomba anayeshika funguo haina nguvu kama warithi au msimamizi hawamo kwenye karatasi. Nakala mbili, sheha ashuhudie, na picha za kila ukuta siku ya kupokea funguo.

Dalali mlipe mkataba ukishatiwa saini, na mwambie mapema kuwa malipo ya Aprili na Julai si nyumba mpya, hana chake humo.