Ukipangiwa Beppu, Nenda Beppu

Wiki iliyopita binti mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Dada, nimepata nafasi ya kusoma Japani, ila si Tokyo, ni mji unaitwa Beppu. Niende, au nisubiri mwakani?" Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, kwenye kundi letu la WhatsApp la watu niliosoma nao. Mmoja akajibu, "Yaani unatoka Tanga kwenda Tanga nyingine?" Wakacheka kutwa nzima. Miaka imepita, bado inaniuma.

Beppu uko mkoa wa Oita, kisiwa cha Kyushu, umebanwa kati ya milima na ghuba. Wakazi wake hawafiki 120,000. Chemchemi za maji moto zinazidi 2,000, na hakuna mji mwingine Japani unaoushinda kwa hilo. Mtaa wa Kannawa mvuke hutoka hadi kwenye mitaro ya barabarani, na watu hupikia mayai, mboga na samaki. Usiku wangu wa kwanza nilidhani kuna nyumba inaungua. Chuo changu, Ritsumeikan Asia Pacific, kilichofunguliwa mwaka 2000, kiko juu mlimani, na karibu nusu ya wanafunzi wake ni wageni.

Miezi sita ya mwanzo niliipoteza. Darasani, chumbani, basi. Nilijinyima chakula nikidunduliza nauli ya kwenda Tokyo kwenye usaili wa kampuni moja. Walinimaliza kwa dakika kumi. Nilirudi na yeni za kununulia mchele tu.

Jioni hiyo, kwa baridi na uchungu, niliingia bafu la umma la mtaani kwetu, lenye bwawa la maji moto la kuingia pamoja. Nilivua nguo na kwenda moja kwa moja majini. Bibi mmoja akapaza sauti, akanyoosha mkono kunizuia. Sikuelewa neno hata moja. Nilivaa nikaondoka nikilia, nikaapa sirudi.

Nilirudi baada ya wiki tatu, nikamkuta yuleyule. Safari hii alinishika mkono, akanikalisha, akachota maji kwa beseni dogo akanimwagia mabegani, taratibu, kama mama yangu alivyokuwa akinifanyia utotoni. Ndipo nikaelewa: unajisafisha kwanza, ndipo unaingia, maana maji ni ya wote. Baada ya hapo nilikwenda kila jioni. Kijapani nilichonacho leo, sehemu kubwa nilikipata kwa wale bibi, si darasani. Na kazi yangu ya kwanza, ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni, niliipata kupitia kwao.

Mbele ya stesheni kuna sanamu ya mzee aliyeinua mikono juu, Aburaya Kumahachi. Alifilisika kwenye biashara ya mpunga, akaenda Marekani, akarudi, na mwaka 1911 akafungua nyumba ya wageni Beppu. Mwaka 1928 akaanzisha mabasi ya watalii yenye wasichana wa kuwaongoza wageni. Ndiye aliyetangaza kwamba mlima ni Fuji, bahari ni Seto, na maji moto ni Beppu. Nilikuwa nikipita pale nikiwa na machozi, namtazama, napata nguvu.

Vijana wenzangu, tuache kuabudu majina ya miji! Mnasubiri Tokyo, mnasubiri London, na umri unakwenda. Mji mdogo utakujua kwa sura. Nenda, salimia watu, ingia walipo. Narudia: ingia walipo.

Na wewe binti wa Mwanza, jibu langu ni nenda. Ukishuka stesheni, fuata barabara ya kuelekea baharini kama dakika kumi, ulizia Takegawara. Ni bafu lililoanza 1879, jengo la mbao lililopo ni la 1938. Nunua taulo dogo, usilitumbukize majini. Jimwagie maji kwanza. Na ukimkuta bibi yeyote ndani, msalimie kabla hajakusalimia.