Maana ya «hak hau hak min» katika Kikantoni

Je, msemo «hak hau hak min» wa Kikantoni, lugha ya Kichina ya kusini mwa China na Hong Kong, unahusu rangi ya ngozi? Hapana, msemo huo, ambao neno kwa neno ni «mdomo mweusi, uso mweusi», hauhusu rangi ya ngozi hata kidogo, bali humwelezea mtu aliyenuna na kukunja uso kiasi kwamba kila aliye karibu anajua kuna jambo limemuudhi. Ushahidi umo katika lugha yenyewe, kwa kuwa Kikantoni hutumia rangi za uso kutaja hali ya mtu: aliyepatwa na hofu kubwa au ugonjwa wa ghafla husemwa kuwa «min cheng hau seun baak», yaani uso umekuwa wa kijani na midomo imekuwa myeupe. Anayependa picha iliyo wazi zaidi atasikia pia uso ukilinganishwa na «fu gwa gon», karela iliyokaushwa, na yeyote aliyewahi kuishika karela iliyosinyaa, yenye mikunjo na uchungu wake, hahitaji kuelezwa mtu huyo anaonekanaje.

Tahadhari moja ni muhimu: katika opera ya Kichina, uso uliopakwa rangi nyeusi huashiria uadilifu, kama ule wa hakimu Bao Zheng, hivyo tusichanganye rangi ya jukwaani na usemi huu wa nyumbani na mtaani. Vilevile, kumwambia mkubwa wako ana uso wa namna hiyo ni utovu wa adabu, ingawa baina ya marafiki hukubalika.