Kumuuzia mwenzako bunduki Marekani: wajibu wa muuzaji unaanzia wapi

Ndugu uliyeuliza kama unaruhusiwa kumuuzia mfanyakazi mwenzako bastola yako bila kupitia dukani, na kama lawama itakurudia endapo itatumika vibaya, nakujibu kwa yale yaliyonipata mwenyewe, kwani tangu nianze kuishi Marekani nimeuza silaha tatu kwa watu binafsi, na mojawapo ilinirudia kwa njia ya simu ya mpelelezi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Brady ya mwaka 1993, muuzaji mwenye leseni ya shirikisho hulazimika kuomba rekodi za mnunuzi zikaguliwe, kuona kama amezuiwa kumiliki silaha, kabla ya kumkabidhi, na tangu mwaka 1998 ukaguzi huo hufanyika kupitia mfumo wa FBI uitwao NICS. Mtu binafsi anayeuza silaha yake mwenyewe halazimishwi hivyo na sheria ya shirikisho, ila yapo majimbo, yakiwemo California, New York, Colorado na Washington, yanayotaka hata mauzo ya aina hiyo yapitie ukaguzi. Kwa hiyo anza na sheria ya jimbo lako.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba asiyelazimika kukagua hana wajibu wowote. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu yeyote, awe na duka au asiwe nalo, kumuuzia silaha mtu ambaye anajua, au ana sababu za msingi za kuamini, kwamba amezuiwa kuimiliki. Humo wamo waliotiwa hatiani kwa makosa ambayo kifungo chake chaweza kuzidi mwaka mmoja, watoro wa sheria, waliotiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani, na, kwa sisi wageni, wasio na kibali cha kuishi nchini pamoja na wengi wa wenye viza za muda. Mwenye ukaazi wa kudumu hazuiwi kwa sababu ya uraia wake. Vilevile huwezi kumuuzia mkazi wa jimbo jingine moja kwa moja. Hiyo lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni.

Hizo "sababu za msingi" nilizielewa siku nilipopeleka bunduki ya kuwindia kwa mnunuzi tuliyekuwa tumezungumza naye kwenye simu kwa siku kadhaa. Alikuja na rafiki yake. Yeye alisimama mikono mfukoni, na rafiki ndiye aliyefungua chemba, yaani pale risasi inapokaa, akaiweka bunduki begani, akauliza kama inavuta upande. Kisha akahesabu noti, akampa mwenzake, na mwenzake ndipo akanyoosha mkono kunipa mimi. Nikauliza bunduki ni ya nani. Wakajibu kwa pamoja, kila mmoja jibu lake. Nikawaambia twende kwenye duka la silaha lililokuwa karibu tukamalizie huko, na ghafla wote wawili wakawa na haraka ya kwenda kazini, siku ya Jumapili. Kumnunulia silaha mtu aliyezuiwa, huku ukijua, ni kosa ambalo kwa sheria ya mwaka 2022 laweza kuleta kifungo cha hadi miaka 15, na muuzaji aliyeona na kunyamaza hana utetezi wa kueleweka.

Ile simu ya mpelelezi ilihusu bastola niliyokuwa nimeiuza miaka minne nyuma. Polisi wakiokota silaha, ufuatiliaji huanzia kwenye namba iliyochongwa kwenye chuma: wanamuuliza mtengenezaji, kisha msambazaji, kisha duka, na dukani inatoka fomu 4473, ile ya shirikisho ambayo mnunuzi huijaza dukani, yenye jina la mnunuzi wa kwanza. Hapo njia hukatika, kwa sababu hakuna daftari la taifa la wamiliki, na jina linalobaki mkononi mwao ni lako. Nilikuwa na hati ya mauziano yenye tarehe, aina ya bastola, namba yake, jina na saini ya mnunuzi, na namba ya leseni yake ya udereva. Mazungumzo yalichukua dakika kumi. Silaha yangu ya kwanza niliiuza bila hata kijikaratasi, na hiyo ndiyo ninayoikumbuka nikiona simu nisiyoijua.

Ushauri wangu ni mpitie dukani hata kama jimbo halitaki. Muuzaji mwenye leseni hutoza ada kidogo, mnunuzi anajaza fomu, na mara nyingi jibu hupatikana papo hapo. Jambo moja halisemwi sana: usiiache silaha pale ukaondoka, kwani ikishaingizwa kwenye vitabu vya duka, na mnunuzi akakataliwa, wewe mwenyewe utajaza fomu na kukaguliwa ndipo urudishiwe mali yako.

Mwenzako naye ana haki ya kukagua. Mwache aisome namba kwenye chuma na kuilinganisha na hati. Ikiwa imefutwa au kukwaruzwa, asiiguse, maana kuwa nayo tu ni kosa la shirikisho. Wewe toa magazini, fungua chemba na uhakikishe ni tupu ukiwa bado nyumbani, kisha ifunge kwenye mkoba wake na umwambie mkutane dukani.